Mafuta ya kupikia: Macho na pua havitoshi kujua kilichomo

*Sumu iliyopita jikoni Madrid mwaka 1981 haikuwa na harufu wala ladha ya kutisha. Leo wakemia wanaweza kusoma tone moja la mafuta kwa dakika moja. Familia inapaswa kujua nini?*

MWANZONI mwa Mei 1981, hospitali za jiji la Madrid, Hispania, zilianza kupokea wagonjwa ambao madaktari hawakujua wawatibu vipi. Walikuwa na homa, kikohozi, upele na walipumua kwa shida. Wa kwanza kufariki alikuwa mtoto wa kiume wa miaka minane kutoka Torrejón de Ardoz, mji ulio kando ya Madrid. Ilikuwa Mei 1.

Kilichowashangaza madaktari ni jinsi ugonjwa huo ulivyochagua. Katika nyumba moja waliugua baba, mama na watoto, lakini jirani wa ukuta kwa ukuta akabaki mzima. Awali ilidhaniwa ni nimonia ya aina ngeni. Wagonjwa wakapewa dawa za kuua vijidudu, lakini dawa hazikufua dafu.

Daktari wa watoto, Juan Manuel Tabuenca wa hospitali ya watoto ya Niño Jesús mjini humo, alifanya jambo ambalo mama yeyote angelielewa. Aliacha kumtafuta mdudu, akaanza kuwauliza wazazi habari za jikoni. Watoto wamekula nini? Chakula kimepikwa na nini? Mafuta yamenunuliwa wapi?

Jibu likawa lilelile kila alipouliza. Familia zilizougua zilikuwa zimetumia mafuta ya bei nafuu, yaliyouzwa na wachuuzi mitaani na kwenye magulio, katika madumu ya plastiki ya lita tano yasiyo na nembo. Usiku wa Juni 10, 1981, serikali ilitangaza kwenye televisheni kwamba chanzo ni mafuta hayo. Baadaye mwezi huo ikawataka wananchi wayarudishe na kupewa mafuta halisi ya mzeituni badala yake.

Hadi hapo maelfu walikuwa wameshayala. Watu wapatao 20,000 waliathirika na zaidi ya 300 walipoteza maisha katika kipindi cha mwanzo. Wengi wa waliopona walibaki na maumivu ya misuli, ngozi iliyokakamaa na udhaifu wa mishipa ya fahamu kwa miaka mingi. Wengi wao walikuwa familia za kipato cha chini, watu waliokuwa wakibana matumizi ili watoto wale.

Walinunua mafuta, wakauziwa nini?

Yalikuwa mafuta ya mbegu za rapa, jamii ya haradali, yaliyoingizwa kutoka Ufaransa kwa matumizi ya viwandani. Sheria ya Hispania wakati huo ililinda soko la mafuta ya mzeituni. Kwa hiyo mafuta ya rapa yaliyotoka nje yalitiwa kemikali iitwayo anilini, kiasi cha asilimia mbili, ili yasifae kuliwa.

Wafanyabiashara wasio waaminifu waliona faida. Waliyasafisha upya kwa joto kali wakitaka kuiondoa anilini, wakayachanganya na mafuta mengine, kisha wakayauza kama ya kula. Mwaka 1989 mahakama iliwatia hatiani baadhi yao.

Shida ni kwamba anilini haikuondoka tu. Sehemu yake ilishikana na mafuta yenyewe na kutengeneza vitu vipya ambavyo havikuwahi kuwepo kwenye chupa ya mpishi yeyote. Katika miaka ya 1990, wakemia waliochunguza sampuli zilizohifadhiwa waliweza kuvitambua baadhi ya vitu hivyo, ambavyo vilionekana kwenye mafuta ya familia zilizougua. Hata hivyo, ni kipi hasa kati yake kilichoua haijathibitishwa hadi leo.

Sababu mojawapo ni jinsi mafuta yale yalivyokusanywa. Wakati wa kubadilishana, wapo waliopeleka mafuta yoyote waliyokuwa nayo nyumbani, na kumbukumbu za nani kaleta dumu gani hazikutunzwa vizuri. Ushahidi ukachanganyika.

Na msiba huo haukuwa wa kwanza. Mwaka 1959, katika mji wa Meknes nchini Morocco, watu wapatao 10,000 walipatwa na kupooza miguu na mikono. Mafuta yao ya kupikia yalikuwa yamechanganywa na mafuta ya kulainishia injini za ndege za jeti, yaliyouzwa kama mabaki kutoka kambi ya jeshi la anga la Marekani. Hapo napo walioyanunua hawakuona tofauti yoyote ya kuwatia shaka.

Kwa nini pua na ulimi hudanganywa

Karibu mafuta yote tunayopikia, yawe ya alizeti, mawese, nazi, karanga au samli, yamejengwa kwa namna moja. Chembe ndogo kabisa ya mafuta, molekuli yake, inaitwa trigliseridi. Ichukulie kama reki yenye mpini mmoja na meno matatu. Mpini ni gliseroli, na kila jino ni asidi moja ya mafuta.

Kinachotofautisha mafuta ya aina moja na mengine ni meno hayo. Mzeituni una asidi ya oleiki kwa wingi. Alizeti ya kawaida imejaa asidi ya linoleiki. Mawese yana asidi ya palmitiki karibu nusu. Nazi ina asidi fupi ya lauriki, ndiyo maana mafuta yake huganda mapema asubuhi ya baridi.

Lakini ukiyasafisha mafuta kiwandani, rangi na harufu vinaondoka. Mafuta yaliyosafishwa vizuri yanafanana yote: ya njano hafifu, maangavu, bila harufu. Anayetaka kuchanganya ya bei ndogo na ya bei kubwa anajua hilo. Kikaango nacho hakitamwambia mpishi lolote.

Wengine hutegemea majaribio ya nyumbani, kama kuweka chupa ya mafuta ya mzeituni kwenye friji ili kuona kama yataganda. Jaribio hilo halithibitishi kitu. Mafuta halisi yanaweza yasigande na yaliyochakachuliwa yakaganda, kwa sababu hata zeituni zenyewe hutofautiana kutoka shamba hadi shamba.

Mizani inayopima kisichoonekana

Iko mizani, hata hivyo, isiyodanganywa na rangi. Inaitwa spektromita ya masi. Hupima uzito wa molekuli moja moja, baada ya kuipa chaji ya umeme ili iweze kuvutwa na kusukumwa. Molekuli yenye chaji huitwa ioni.

Fikiria upepo unaovuma juu ya ungo wa mpunga. Pumba huruka mbali, punje nzito huanguka karibu. Katika mashine hii kazi ya upepo hufanywa na nguvu za umeme au sumaku, na ioni nyepesi na nzito hutenganishwa hadi kila moja ijulikane uzito wake.

Mizani hii si mpya. Francis Aston alijenga yake Cambridge, Uingereza, mwaka 1919 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1922. Tatizo lilikuwa kwamba ndani ya mashine lazima hewa itolewe kabisa, ili ioni isigongane na kitu njiani, na ilikuwa vigumu kuingiza molekuli kubwa humo bila kuivunja. John Fenn wa Marekani na Koichi Tanaka wa Japani walipata sehemu ya Nobel ya mwaka 2002 kwa kuonyesha njia za kuzipa chaji molekuli kubwa zikiwa nzima.

Hata baada ya hapo, kupima mafuta kulibaki kazi ya subira. Kwa njia iliyozoeleka maabara, mkemia hupima sampuli, huichanganya na kemikali ili kuvunja trigliseridi, huichuja, kisha huipitisha kwenye bomba refu jembamba ambako asidi za mafuta hutengana taratibu. Sampuli moja huweza kula saa nzima au zaidi. Mkaguzi mwenye madumu mia mbili bandarini hawezi kusubiri hivyo.

Tone, karatasi na mnyunyizo

Mwaka 2004 kikundi cha Profesa Graham Cooks wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilitangaza njia iitwayo DESI iliyogeuza utaratibu huo. Badala ya kuandaa sampuli na kuifungia ndani ya mashine, waliiacha hapo hapo nje, kwenye hewa ya kawaida, mbele ya tundu dogo la mashine.

Kisha hupulizwa mnyunyizo mwembamba wa kimiminika chenye chaji ya umeme. Aliyewahi kusimama barazani mvua inapoanza amewahi kuona kitu kama hicho: matone ya kwanza yakipiga kwenye vumbi, vumbi huruka. Matone ya DESI yakipiga kwenye sampuli hurusha vitone vidogo zaidi vilivyobeba molekuli za sampuli ile. Mashine huvivuta kupitia tundu lake na kupima.

Mwaka uliofuata ikatangazwa njia nyingine, DART, inayotumia gesi ya moto ya heli badala ya mnyunyizo. Mpimaji huchovya kijiti cha kioo kwenye mafuta na kukishika mbele ya gesi hiyo. Kwa mafuta, huwekwa mvuke kidogo wa amonia karibu ili trigliseridi zipate cha kushikana nacho na kupata chaji.

Brazil nao, kikundi cha Profesa Marcos Eberlin katika Chuo Kikuu cha Campinas, kilitengeneza njia rahisi zaidi iitwayo EASI. Haihitaji umeme wa kutia chaji wala joto. Gesi ya nitrojeni husukumwa kwa kasi kubwa pamoja na kimiminika, na kasi yenyewe ndiyo inayotoa matone yenye chaji. Tone moja la mafuta huwekwa kwenye karatasi ya kawaida, mnyunyizo hupita juu yake, na picha hutokea papo hapo. Kikundi hicho kilipima mafuta ya mimea ya aina nyingi kwa njia hiyo.

Njia hizi zote zimepewa jina moja la jumla linalomaanisha kuzipa molekuli chaji katika mazingira ya kawaida, nje ya mashine. Faida yake kubwa ni muda. Kutoka kuweka tone hadi kupata jibu ni sekunde chache au dakika moja.

Alama ya kidole ya chupa

Je, mkemia anaona nini kwenye skrini? Anaona mistari iliyosimama, mirefu na mifupi, kila mmoja ukiwa na namba ya uzito.

Trigliseridi yenye meno matatu ya oleiki, ambayo mafuta ya mzeituni yanayo kwa wingi, ina uzito wa 885 hivi. Yenye meno matatu ya linoleiki, iliyo nyingi kwenye alizeti ya kawaida, ni 879. Mawese huonyesha mistari yake mirefu kwenye 833 na 859. Nazi iko mbali sana na wenzake, na mmoja wa mistari yake uko 639. Kwenye skrini namba hizo husomeka zikiwa zimeongezeka kidogo, kwa sababu kila molekuli hubeba msindikizaji aliyempa chaji. Ikisindikizwa na sodiamu, kwa mfano, 885 husomeka 908.

Kwa hiyo mtu akichanganya mawese na alizeti kisha akabandika nembo ya alizeti tupu, mistari ya 833 na 859 itapanda pasipostahili. Kwa samli ni hivyo hivyo. Maziwa ya ng'ombe yana asidi fupi sana ambazo mafuta ya mimea ya kupikia hayana, hivyo samli halisi hutoa msururu mrefu wa mistari inayoanzia uzito mdogo. Samli iliyoongezwa mafuta ya mimea hupoteza sura hiyo.

Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi nayo hujitaja. Joto na hewa huongeza oksijeni kwenye trigliseridi, na kila oksijeni moja inayoingia huongeza uzito kwa 16. Pembeni ya mstari wa kawaida huota mingine midogo, huku asidi zilizong'oka kwenye mpini zikionekana chini kabisa, zikiwa peke yake. Katika nchi kadhaa za Ulaya, mafuta ya kukaangia hutakiwa kumwagwa vitu vilivyoharibika vikifika takriban robo ya mafuta yote.

Na sumu ya Meknes? Ilikuwa fosfati yenye uzito wa 368, mbali kabisa na trigliseridi yoyote ya mafuta ya kula, na ya jamii ambayo hupokea chaji kwa urahisi. Kwa mashine ya namna hii, mstari huo ungekuwa mgeni anayesimama peke yake katikati ya uwanja. Vifaa hivyo havikuwepo mwaka 1959, na hata mwaka 1981 ilikuwa imebaki miaka 23 kabla ya DESI.

Mashine nayo ina mipaka

Pamoja na sifa zote hizo, hakuna mkemia makini anayesema njia hizi zinamaliza kazi.

Kwanza, mizani hupima uzito tu. Vitu viwili vyenye uzito sawa huonekana kama kimoja. Mafuta ya hazeli yana oleiki nyingi kama ya mzeituni, na ndiyo maana walaghai wa Ulaya huyapenda. Watafiti wa Prague, Jamhuri ya Czech, walipotumia DART kupima mafuta ya mzeituni mwaka 2009, mchanganyiko wa hazeli ulikuwa miongoni mwa mitihani waliyojiwekea. Iko pia alizeti iliyozalishwa mahsusi kuwa na oleiki nyingi, nayo haifanani na alizeti ya kawaida bali na mzeituni.

Swali la mafuta ya nguruwe, linalozigusa familia nyingi za Kiislamu, lina ugumu huo huo. Katika mafuta ya nguruwe, asidi ya palmitiki hukaa zaidi kwenye jino la katikati, tofauti na mimea mingi ambayo huiweka pembeni. Uzito wa jumla haubadiliki kwa kuhamisha jino. Mkemia hulazimika kuivunja molekuli ndani ya mashine na kupima vipande vyake, na mara nyingi hutafuta ushahidi wa ziada kwa njia nyingine.

Pili, si kila kitu hukubali kupokea chaji. Mafuta ya petroli, yakiwemo ya mitambo, hayana oksijeni ya kushikia chaji, na mnyunyizo wa DESI unaweza kuyapita kama hayapo. Hapo inahitajika njia tofauti kabisa.

Jambo hili si la mbali kwa Afrika Mashariki. Vyombo vya habari vimewahi kuripoti kutoka Kenya wizi wa mafuta ya transfoma za umeme, yakidaiwa kuuzwa kwa wakaangaji wa barabarani kwa kuwa hudumu muda mrefu kwenye moto. Mafuta hayo ni ya petroli, na baadhi ya transfoma za zamani zilijazwa mafuta yenye kemikali za PCB, ambazo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeziweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mkaguzi anayetafuta mafuta ya transfoma lazima ajue anatafuta nini kabla ya kuchagua mashine.

Tatu, jibu la haraka ni la kuchuja, si la kuhukumu. Sampuli ikitiliwa shaka hupelekwa kwenye kipimo kirefu cha kawaida kabla mtu hajafikishwa mahakamani. Pia lazima kuwe na kumbukumbu za mafuta halisi ya kulinganishia. Alizeti ya mwaka wa mvua nyingi na ya mwaka wa ukame hazitoi mistari yenye urefu uleule, na ulaghai wa asilimia chache unaweza kujificha ndani ya tofauti hizo za asili.

Nne ni fedha. Mashine kubwa za aina hii hununuliwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na zinahitaji umeme wa uhakika, gesi na fundi. Kikundi cha Purdue kimekuwa kikitengeneza ndogo za kubebeka, mojawapo ikiwa na uzito wa kilo 10 hivi, lakini uwezo wake wa kutofautisha haulingani na wa zile kubwa.

China imejifunza pia kwamba mlaghai naye hasomi kidogo. Kwa miaka mingi wakemia wa huko wamehangaika na mafuta yanayochotwa kwenye mifereji na mabaki ya migahawa, kisha husafishwa na kuuzwa upya. Baada ya kusafishwa, trigliseridi zake huonekana za kawaida. Baadhi yao wakaamua kutafuta kitu kingine: kemikali inayofanya pilipili iwashe. Mafuta mapya hayana sababu ya kuwa nayo, lakini yaliyopikia chakula cha watu huibakiza kwa kiasi kidogo hata baada ya kusafishwa.

Nyumbani tufanyeje?

Hakuna familia itakayonunua spektromita. Yapo, hata hivyo, mambo ambayo jiko lolote linaweza kuyafanya, na mengi yanatokana na yaliyotokea Madrid.

*Jua chanzo.* Waliougua Hispania walinunua dumu lisilo na jina la mtengenezaji. Mafuta ya kupima ni msaada kwa mwenye kipato cha siku, na si kosa kuyanunua. Lakini muulize mwenye duka akuonyeshe ndoo au dumu alilopimia, na utazame kama lina nembo ya mtengenezaji, tarehe na alama ya shirika la viwango. Kama mafuta yanatoka kwa mkamuaji wa jirani, mfahamu mkamuaji mwenyewe.

*Shtukia bei.* Mafuta yanayouzwa chini sana ya bei ya soko kuna mtu amelipia tofauti hiyo mahali fulani. Ukiambiwa ni mzeituni au samli safi kwa bei ya mawese, tia shaka.

*Usihifadhi kwenye chombo kilichowahi kubeba kitu kingine.* Dumu la dawa ya shamba, rangi au mafuta ya gari halisafishiki kiasi cha kuwekea chakula.

*Kaangia mara chache.* Mafuta yaliyokuwa meusi, yanayotoa povu jingi, yanayonata au yanayofuka moshi upesi kuliko awali yameshachoka. Usiyaongezee mapya ili kuyafufua. Yachuje mapema baada ya kila mkaango, na yakifikia hali hiyo yamwage. Ukinunua chipsi au maandazi barabarani, chungulia karai kabla ya kutoa hela.

*Yaweke gizani na uyafunike.* Mwanga, joto na hewa huharibu mafuta hata yasipokaangiwa. Chupa iliyo pembeni ya jiko inazeeka haraka kuliko iliyo kabatini.

*Kumbuka vitamini.* Tanzania na Kenya zina kanuni zinazotaka mafuta ya kupikia ya viwandani yaongezwe vitamini A, kwa faida ya watoto na kina mama. Mwanga huipunguza vitamini hiyo, na mafuta yasiyojulikana yalikotoka huenda hayana kabisa.

*Wakiugua kadhaa kwa pamoja, taja chakula.* Watu wa nyumba moja wakipatwa na dalili zinazofanana, mwambie daktari mlichokula na mlichopikia, hata kama hakuuliza. Usimwage mafuta yaliyobaki. Yafunge, andika siku na mahali yaliponunuliwa, yaweke mbali na watoto na uwapelekee watu wa afya. Hispania ilikosa kumbukumbu hizo, na swali la kilichowaua watu wake halikupata jibu kamili.

Mashine za leo zingeweza kulisoma dumu lile la lita tano kabla halijafika sokoni, kama mtu angechota tone moja akalipeleka. Kuchota tone hilo ni kazi ya wakaguzi, na wananchi wana haki ya kuidai. Mwaka 1981, kabla ya mashine hizo, aliyefungua njia alikuwa daktari aliyeketi na wazazi na kuwauliza wanapikia nini, na wazazi waliokumbuka dumu lilinunuliwa wapi.